Nyumba inauzwa kwa siku moja, makaratasi yanangoja miaka

GOMA – Kila asubuhi, kabla ya habari, redio za mji wetu zinasoma matangazo. Nami nimeyasoma miaka mingi: "Parseli inauzwa Ndosho, mita kumi na tano kwa ishirini, nyumba ya mbao, vyumba vitatu, makaratasi yote iko sawa, bei ya kuzungumza." Nilikuwa nayasoma maneno hayo bila kuuliza ni makaratasi gani, yana jina la nani, na ni nani aliyeyaangalia akasema yako sawa. Leo nauliza. Watu waliotoka Sake, Masisi na Rutshuru wananunua kwa maneno hayo, wengine wanauza kwa maneno hayo, na wengi wanakuja kulia mlangoni kwetu kwa sababu ya maneno hayo hayo.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alikuja redioni na bahasha ya plastiki. Ameniruhusu nisimulie, bila jina lake. Alikimbia Sake mwezi wa pili, mabomu yalipoanza kuanguka karibu na mji ule, akafika Bulengo na watoto wanne. Baada ya miezi miwili chini ya shitingi alisema basi. Alikuwa na pesa ya ng'ombe wawili waliouzwa kabla barabara haijafungwa, akaongeza zamu yake ya likelemba. Komisioneri akamwonyesha nusu ya parseli upande wa Mugunga siku ya Jumatatu. "Mama, hii iko na makaratasi yote, ni kulipa tu. Ukichelewa, mwengine anachukua." Jumatano akalipa. Jumamosi alikuwa amesimamisha mbao na mabati.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi moja tu: imeandikwa kwa mkono, imetiwa sahihi na muuzaji na mashahidi wawili, na muhuri wa shefu wa avenyu. Mwezi wa tatu akaja mwanaume mmoja na karatasi ya namna ile ile, yenye tarehe ya nyuma zaidi. Simu ya muuzaji haiiti tena. Walipofika kadasta wote wawili, yule mama na yule mwanaume, walikuta parseli nzima imeandikwa jina la mtu wa tatu ambaye hakuna kati yao anayemjua. Jirani mzee akawaambia kwamba huyo alikufa zamani.

Tunapenda kusema, tena kwa majivuno, kwamba kwetu kuuza nyumba ni jambo la siku moja. Muuzaji yuko tayari, mnunuzi ana dola zake mkononi, hakuna benki katikati, kuna nini tena cha kungoja? Msikilizaji mmoja ana ndugu anayeishi Uingereza. Huyo alimwambia kwamba huko watu wanatafuta sana mauzo "yasiyo na mnyororo", maana yake muuzaji hangoji kwanza apate nyumba nyingine, wala mnunuzi hangoji kwanza auze ya kwake. Msikilizaji akaniuliza: basi sisi wote hapa Goma si ndivyo tulivyo? Hatuna mnyororo!

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Hata huko Uingereza mauzo hayo ya haraka yanachukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu. Wanasheria wanachunguza kwanza, na sehemu kubwa ya pesa inatoka siku ya mwisho, siku ya kupewa funguo. Sisi tumegeuza. Pesa siku ya kwanza, uchunguzi siku ya kesi.

Na mnyororo tunao, mrefu kuliko wao. Wa kwao uko mbele, watu wanangojana. Wa kwetu uko nyuma, ndani ya makaratasi. Yule aliyekuuzia alinunua kwa mtu ambaye naye alinunua kwa mwingine, na katika hao wote hakuna hata mmoja aliyekwenda kubadilisha jina. Kila mmoja alisema: nina karatasi ya mauzo, inatosha, gharama za ofisi atazilipa atakayenifuata. Hivyo parseli imeuzwa mara nne na katika kitabu cha Leta haijauzwa hata mara moja. Mnunuzi wa mwisho ndiye anayerithi deni la wote. Siku hizi mnunuzi wa mwisho ni nani? Ni mkimbizi wa ndani ambaye hajui historia ya avenyu ile, hana mzee wa kumnong'oneza, na anataka paa kabla ya mvua.

Sheria yetu haina fumbo. Ni ile ya tarehe 20 Julai 1973, namba 73-021, iliyorekebishwa mwaka 1980. Inasema ardhi ni ya Leta. Mtu anachomiliki ni haki ya kuitumia ile ardhi, na nyumba aliyoijenga juu yake. Inasema tena kwamba haki hiyo inasimama kisheria kwa karatasi moja: sertifika inayotolewa na konservateri. Ukinunua, akti ya mauzo inafanywa mbele ya notere au mbele ya konservateri mwenyewe, sertifika ya zamani inarudishwa na kufutwa, na mpya inatoka kwa jina lako. Nakala moja inabaki ndani ya kitabu cha ofisi, moja unapewa. Juu yake kuna namba ya volumu na namba ya folio. Ukiwa na namba hizo mbili unaweza kwenda kuuliza ofisini kama kitabu kinasema sawa na karatasi. Ukiambiwa "makaratasi iko sawa" na mtu asiyeweza kukutajia volumu na folio, amekuambia maneno tu.

Kwa hiyo mauzo yanakamilika lini? Mimi najibu: siku jina linapobadilika ndani ya kitabu. Kabla ya hapo umetoa pesa, hujanunua. Na hata baada ya hapo sheria inaacha mlango wazi kwa miaka miwili, mtu anaweza kuja kuishambulia ile sertifika. Miaka miwili ikipita, anayedai anaweza kwa kawaida kudai fidia ya pesa tu, nyumba inabaki yako. Angalieni basi umbali uliopo kati ya jioni moja ya kuhesabu dola kwenye meza ya buveti na usalama wa kweli.

Najua watakaonijibu. Watasema: wewe mwandishi unaongea kama mtu wa Himbi, wengi wetu hatujawahi kuiona sertifika kwa macho. Ni kweli. Parseli nyingi za mji huu hazina. Zina fishi ya parseli, au atestasyo, au kontra ya kukodi ardhi kwa Leta ambayo muda wake umepita, au karatasi ya shefu wa kimila. Sisemi karatasi hizo ni takataka. Nasema kila moja ina kipimo chake, na muuzaji anaiuza kama vile zote ni sawa. Muhuri wa shefu wa avenyu unasema jambo moja: shefu amewaona watu hawa wakipatana. Hausemi parseli ni ya nani. Kontra ya kukodi ni hatua ya kwanza ya safari, mwenye nayo alipewa muda wa kujenga ili apate haki kubwa zaidi. Kama hakuendelea, anakuuzia safari aliyoiacha njiani.

Upande wa teritwari ya Nyiragongo mambo ni mazito zaidi. Mji umepanuka, na ugomvi wa mpaka kati ya mji wa Goma na sheferi ya Bukumu ni wa zamani. Kuna mahali ambapo karatasi ya shefu wa kijiji na karatasi ya mji zinagombania udongo mmoja, na kila upande una muhuri. Ukiuziwa pale kwa siku mbili, umenunua ugomvi uliokutangulia. Upande wa Buhene kuna jambo jingine: lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilifunika nyumba na alama za mipaka pamoja. Watu wamerudi, wanapima kwa hatua za miguu juu ya jiwe jeusi. Nani anajua kama ukuta wako mpya uko ndani ya parseli yako au ya jirani aliyekimbilia mbali akiwa bado ana haki yake? Na karibu na mpaka wa Hifadhi ya Virunga kuna watu wanauza ardhi ya hifadhi. Hapo hakuna sertifika itakayotoka hata ukingoja miaka mia.

Sasa tuje kwa ofisi, maana raia peke yake hawezi kubeba lawama zote. Kwa nini watu wanaogopa kubadilisha jina? Kwa sababu wameona wenzao wakifanya hivyo. Unapeleka faili, unaambiwa rudi kesho. Kesho, yule mwenye kuweka sahihi yuko kwenye misheni. Keshokutwa, mpimaji wa kadasta anahitaji pesa ya usafiri, na pesa hiyo haina risiti. Kisha inakuja "matabishi kidogo ya wale wa ndani". Nilimfuata mzee mmoja, mwalimu wa zamani, aliyeanza safari hiyo na sertifika safi ya muuzaji, akti iliyokamilika, muuzaji mwenyewe akiwa bega kwa bega naye. Hakuna mrithi aliyelalamika, hakuna mpaka uliogombaniwa. Kama kuna mauzo yasiyo na mnyororo, ndiyo yale. Alimaliza baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Kazi yenyewe, nikihesabu siku ambazo mtu alishika kalamu juu ya faili lake, haikufika wiki mbili. Muda uliobaki faili lilikuwa limelala likingoja mtu alilipie chakula.

Wafanyakazi wa ofisi wananiambia mishahara haitoshi na majengo hayana hata makabati. Nawaamini. Lakini hilo halielezi kwa nini bei za kila hatua hazijabandikwa ukutani. Karatasi moja na gundi, hicho ndicho kinachokosekana. Bei ikibandikwa na siku zikibandikwa, yule wa "rudi kesho" atakuwa hana pa kujificha. Nadhani ndiyo sababu haibandikwi.

Kuna wasikilizaji watasema: njaa haingoji konservateri. Mtoto yuko hospitali, baba anauza nyumba yake ya Kiwanja kwa simu, kwa nusu ya bei, kwa mtu ambaye yuko kule, na wewe unamwambia angoje wiki tatu? Swali hili ni la haki, nimelifikiria sana. Sina moyo wa kumwambia baba huyo angoje. Ila nataka ajue nani anafaidi haraka yake. Mnunuzi anayesema "leo au basi" anajua kwamba wewe huna njia ya kurudi kuangalia, na bei anaishusha kwa sababu hiyo. Kuna njia ya katikati ambayo wazee wetu waliitumia na sisi tumeiacha: kulipwa sehemu leo, ya hospitali na ya chakula, na sehemu iliyobaki siku karatasi inapotoka, mambo yote yakiwa yameandikwa. Muuzaji wa kweli anaweza kukubali. Mnunuzi wa kweli pia. Anayekataa kabisa kubakiza hata dola mia mpaka karatasi itoke, huyo mtazameni vizuri.

Mauzo ya haraka kuliko yote ni yale ya Banki Lamberti. Mnajua ninachosema. Unakopa dola, riba inapanda kila mwezi, na siku ile ile ya kukopa unatia sahihi karatasi ya mauzo ya nyumba yako, tarehe inaachwa tupu. Ukishindwa kulipa, tarehe inajazwa. Familia zilizohama zinaingia humo kwa sababu karatasi ya nyumba ndiyo mali pekee waliyokimbia nayo, imefungwa kwenye kitenge pamoja na kadi ya uchaguzi. Mwenye kukopesha hakununua nyumba. Alinunua shida yako, na akti imemsaidia kuivalisha nguo za sheria. Msitie sahihi karatasi yenye tarehe tupu. Hata kama mnadaiwa. Hata kama ni shemeji ndiye anayekopesha.

Jambo jingine ambalo haraka inalificha ni wake na watoto. Kodi ya Familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wote wawili wakubali nyumba kuuzwa. Nimeona mauzo mengi ambapo mke alijua alipoona wageni wanapima dirisha. Nimeona pia ndugu za marehemu wakiuza nyumba wiki chache baada ya maziko, mjane akiwa kambini Lushagala na watoto, wakisema "ni mali ya kaka yetu". Watoto ndio warithi wa kwanza. Mnunuzi wa nyumba ile amenunua kesi ambayo itaamka siku yule mtoto mkubwa atakapotimiza miaka kumi na minane na kujua njia ya kwenda tribinali. Mimi nasema mnunuzi asiyeuliza "mke wako yuko wapi?" hana haki ya kujiita aliyedanganywa.

Mtaniuliza: tufanye nini basi? Kabla dola haijatoka mfukoni, chukueni siku kumi. Siku ya kwanza ongeeni na majirani wa pande zote nne, si na komisioneri, maana yeye anakula asilimia yake ya bei na atakula hata mkipoteza. Nendeni ofisini na namba za karatasi, muulize jina lililo ndani ya kitabu. Kama jina si la muuzaji, mwambieni alete karatasi za wote waliopita katikati, mmoja mmoja, na hapo ndipo mtauona mnyororo wenyewe. Kama parseli inakatwa vipande viwili, muulize kama kadasta imekubali kuikata, kwa sababu nusu ya parseli haina sertifika mpaka ikatwe kihalali. Yule mama wa Sake hakuambiwa hilo na mtu yeyote. Akti ifanywe mbele ya notere, na pesa ihesabiwe hapo, mchana, si usiku. Kisha msilale: faili liende kwa konservateri wiki ile ile, muuzaji akiwa bado anapokea simu. Makaratasi yakiwa safi na ofisi ikifanya kazi yake, ni jambo la wiki chache. Sioni sababu nyingine ya kuwa mwaka.

Kwa mashefu wa avenyu na wa kartie nina neno moja, kwa heshima. Ninyi mnajua ni parseli gani imeuzwa mara mbili. Mnajua kwa sababu mlitia muhuri mara mbili. Yule mama alilipia muhuri wake, na shefu aliyempa alikuwa amempa yule mwanaume wa kwanza pia. Nilipomuuliza shefu huyo, alisema yeye hashughuliki na mali, anashuhudia watu tu. Sawa. Basi andikeni maneno hayo juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, ili mkimbizi asome kabla ya kulipa.

Na sisi watu wa redio? Tumekula pesa ya matangazo. Kila "makaratasi yote iko sawa" niliyosoma ilikuwa dhamana ambayo sikuwa na haki ya kuitoa, na watu waliiamini kwa sababu sauti ilikuwa ile ile inayowapa habari za usalama. Kuanzia wiki hii, upande wangu, sisomi tangazo la nyumba au parseli bila kuona karatasi yenyewe, jina lililo juu yake na jina la anayeuza. Kama ni fishi, nitasema ni fishi. Kama ni karatasi ya kimila, nitasema ni ya kimila. Kama ni muhuri wa shefu peke yake, nitasema hivyo hivyo hewani, muuzaji achague kama anataka.

Wa kwanza kuulizwa alikuja Jumatatu, na parseli ya Katoyi. Alikasirika kidogo, akasema anakwenda nyumbani kuchukua makaratasi. Leo ni Alhamisi, hajarudi. Mama wa Sake anaitwa kadasta kesho, saa tatu asubuhi. Nitakwenda naye.